Begi Jepesi Sawa, Lakini Pasipoti Yako Iko na Nani?

Wiki mbili zimepita tangu niweke ile video ya kupanga begi la kilo saba. Mlioiona mnakumbuka: nguo zinaviringishwa kama chapati, soksi zinaingia ndani ya viatu, chaja pembeni, na mimi nikijifanya mtu wa kupanda ndege kila mwezi. Leo wacha niseme ukweli. Sijawahi kupanda ndege. Mpaka pekee niliowahi kuvuka ni Namanga, kwa basi, na nilirudi siku iyo hiyo.

Video ilifanya vizuri, nyinyi wenyewe ndio mliisambaza. Lakini mtu mmoja aliitazama mpaka mwisho na hakucheka. Ni dadangu mkubwa. Alinirudishia simu akaniuliza, "Sasa wewe bingwa wa mabegi, pasipoti nayo naiweka wapi?"

Nikamjibu haraka haraka: mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Akasema, "Ejenti amesema nikishaichukua nimpe yeye aniwekee hadi siku ya safari. Na nikifika kule, inakaa na bosi."

Siz anaenda Saudi Arabia. Kazi ya nyumbani, mkataba wa miaka miwili. Mtoto wake wa miaka minne anabaki na mathe hapa Kawangware. Anaondoka Jumapili. Kwa hivyo hii post siandiki kutafuta views. Naandika kwa sababu nilisoma historia chuoni mwaka mmoja na nusu kabla karo inishinde, na hilo swali lake limenikumbusha kila kitu nilichosoma. Nani anashika karatasi yako? Nairobi imeuliza hilo swali zaidi ya miaka mia moja, na siku tulipoenda tao kuchukua pasipoti yake, tulipita karibu kila mahali liliulizwa.

Kipande: karatasi ya kwanza

Tulipanda 46 asubuhi, tukateremka tao, tukachukua pasipoti pale Nyayo House. Siz alikuwa ameishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Nikamwambia tusirudi nyumbani bado, nimwonyeshe kitu. Tukatembea hadi upande wa chuo kikuu, pale barabara ya Harry Thuku inapoanzia, karibu na kituo cha polisi cha Central na hoteli ya Norfolk.

Wengi wetu tunapita hapo tukikimbilia mat za Ngara na hatujui tunakanyaga nini.

Mwaka 1915 serikali ya mkoloni ilipitisha sheria ya kuandikisha Waafrika, na baada ya vita vya kwanza vya dunia ikaanza kufanya kazi kikamilifu. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha umri wa kufanya kazi alilazimika kubeba kipande. Kilikuwa na alama za vidole vyake, jina, kwao, na historia ya kazi zake zote: nani alimwajiri, lini, kwa mshahara gani. Kilitiwa ndani ya kijisanduku cha chuma na kuvaliwa shingoni kwa kamba. Watu walikifananisha na kengele ya mbuzi.

Sasa sikiliza hii sehemu vizuri. Ukitaka kuacha kazi, bosi lazima asaini kwenye kipande kwamba amekuachilia. Asiposaini, huwezi kuajiriwa kwingine. Ukiondoka hivyo hivyo, wewe ni mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Polisi anakusimamisha barabarani, anafungua kile kijisanduku, anasoma, anajua umekimbia shamba la nani. Yaani uliibeba karatasi wewe, shingoni mwako, lakini mwenyewe alikuwa bosi.

Harry Thuku alikuwa opereta wa simu serikalini. Alianza kusema hadharani dhidi ya kipande, kodi na kazi ya lazima. Tarehe 14 Machi 1922 akakamatwa na kuwekwa kwa polisi pale pale. Watu wakakusanyika kwa maelfu wakitaka aachiliwe. Tarehe 16 Machi, wanaume walipoanza kusitasita, Mary Muthoni Nyanjiru akatoka mbele akawaaibisha, na umati ukasonga. Polisi wakafyatua risasi. Serikali yenyewe ilikubali kwamba watu 21 waliuawa, na Muthoni alikuwa mmoja wao. Simulizi zinasema hata walowezi waliokuwa kwenye veranda ya Norfolk walishiriki kupiga risasi. Thuku akapelekwa uhamishoni Kismayu, akaachiliwa karibu miaka tisa baadaye.

Siz akauliza, "Huyu Muthoni alikuwa anabeba kipande?" Hapana. Wanawake hawakubeba. Alikufa akipigania mambo ambayo mengi yalikuwa shingoni mwa wengine. Siz akanyamaza kidogo, kisha akaitoa pasipoti mkononi akaiingiza kwenye sidiria. Nikacheka. Yeye hakucheka.

1959: begi jepesi, mpango mzito

Tukashuka hadi Moi Avenue, kwenye sanamu ya Tom Mboya. Mnaijua, ndiyo ile watu wanapangania kukutana, "nipate kwa Mboya". Iliwekwa 2011, hatua chache kutoka pale alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969, akitoka kwenye duka la dawa. Barabara wakati huo ilikuwa inaitwa Government Road.

Mboya ndiye sababu ya safari maarufu zaidi kuwahi kuondoka Nairobi. Mwishoni mwa miaka ya hamsini, kijana Mwafrika akitaka digrii njia kuu ilikuwa Makerere, na nafasi zilikuwa chache mno. Mkoloni hakuwa na haraka. Mboya akaenda Marekani, akatafuta nafasi za masomo chuo kwa chuo, na kule marafiki wakaunda shirika la kuchangisha nauli. Jackie Robinson wa baseball, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier wakaweka majina yao kwenye barua ya kuomba pesa. Septemba 1959 ndege ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81.

Uwanja wenyewe wa Embakasi ulikuwa umefunguliwa 1958 tu. Na ulijengwa kwa jasho la watu waliozuiliwa wakati wa hali ya hatari. Fikiria hilo: mwaka mmoja watu wanachimba hapo kwa nguvu chini ya bunduki, mwaka unaofuata watoto wa kwao wanapaa kutoka hapo hapo.

Mwaka 1960 serikali ya Marekani ilipokataa mwanzoni kulipia ndege zaidi, wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Wangari Maathai alienda mwaka huo, akasoma Kansas, na 2004 akaleta Nobel nyumbani. Kufikia 1963 karibu wanafunzi 800 kutoka Kenya na nchi jirani walikuwa wamesafiri kwa mpango huo. Na kwa wale wanaopenda kubishana: hapana, babake Obama hakuwa kwenye ile ndege ya 81. Alienda Hawaii mwaka huo huo wa 1959, lakini kwa njia yake.

Mbona nawaambia hii? Kwa sababu wale ndio walikuwa mabingwa wa kusafiri na kidogo. Wengi hawakuwa na kitu. Familia ziliuza ng'ombe, majirani wakachanga kwenye chai. Pasipoti yenyewe ilikuwa ya mkoloni. Lakini kila mmoja alikuwa anaenda mahali panapojulikana. Kuna chuo kina jina lake kwenye orodha. Kuna shirika linajua ametua. Kuna kijiji kizima nyuma kinangoja barua, na isipokuja kuna mtu wa kuuliza. Begi lilikuwa jepesi kwa sababu mpango ulikuwa mzito.

Hivyo ndivyo usalama unavyofanya kazi. Mimi nilikuwa nimewaambia ni soksi ndani ya viatu.

1968: pasipoti iliyokataliwa mlangoni

Hii sehemu haituhusu moja kwa moja, lakini ukipita Parklands na Westlands ujue ilitokea hapo. Kenya ilipopata uhuru, watu wenye asili ya Asia walipewa miaka miwili kuomba uraia. Wengi hawakuomba, wakabaki na pasipoti za Uingereza walizopewa kihalali. Mwaka 1967 zikaja sheria mpya za uhamiaji na leseni za biashara: asiye raia anahitaji kibali cha kufanya kazi, na maduka mengine hawezi kuendesha tena. Familia zikaanza kupanga mabegi.

Kufikia Februari 1968 Embakasi ilikuwa imejaa. Watu walikimbizana na tarehe, kwa sababu London ilikuwa inatunga sheria ya kuwafungia mlango. Bunge la Uingereza liliipitisha kwa siku chache tu, na ikaanza kufanya kazi tarehe 1 Machi. Kuanzia hapo, kama wewe, mzazi wako au babu yako hakuzaliwa kule au kupata uraia kule, pasipoti yako ya Uingereza haikukupa haki ya kuingia Uingereza. Kuna watu walirushwa kama mpira, uwanja huu hadi ule, kila nchi ikisema si wangu. Mwaka 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema sheria ile ilibagua kwa rangi na kuwadhalilisha. Lakini watu walikuwa wameshalala kwenye viti vya uwanja wa ndege.

Kwa hivyo hata kuishika karatasi mkononi hakutoshi. Lazima kuwe na serikali inayosimama nyuma yake wakati mlango unafungwa.

Rudi Nyayo House

Tulirudi upande wa Nyayo House kupanda mat ya nyumbani. Nikamwonyesha siz lile jengo tena, la ghorofa 27, lile lile tulipokaa kwenye foleni asubuhi.

Miaka ya themanini, na hasa kuanzia 1986 wakati wa msako wa Mwakenya, watu waliletwa hapo wakiwa wamefungwa macho. Wahadhiri, wanafunzi, mawakili, wakulima. Chini kabisa kulikuwa na seli. Waliwekwa humo uchi, seli ikajazwa maji, halafu wakapandishwa kwa lifti hadi ghorofa za juu kuhojiwa. Zilifunguliwa kwa umma 2003. Miaka hiyo yote, watu waliendelea kupanga foleni ya pasipoti kwenye jengo lilo hilo.

Na pasipoti wakati huo ilikuwa zawadi ya serikali. Ukisema vibaya, inachukuliwa. Mwaka 1988 wakili Gibson Kamau Kuria, aliyekuwa ametetea watu wa hizo seli na yeye mwenyewe akawekwa kizuizini, alipewa tuzo ya haki za binadamu ya Robert F. Kennedy kule Marekani. Hakwenda kuipokea. Serikali ilikataa kumpa pasipoti.

Ndiyo maana katiba ya 2010 ina kile kifungu cha 12 ambacho hakuna mtu hutuwekea kwenye TikTok. Kinasema kila raia ana haki ya kupata pasipoti ya Kenya, na haiwezi kunyimwa, kusimamishwa wala kuchukuliwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria ya Bunge. Kifungu cha 39 kinasema una haki ya kutoka nchini. Hayo maneno yaliingia kwa sababu watu walilipia, wengine kwenye maji ya pale chini.

Kipande kimerudi na jina jipya

Sasa turudi kwa swali la siz.

Nchi nyingi za Ghuba zina mfumo unaoitwa kafala. Viza yako imefungwa kwa mwajiri mmoja. Ukitoka kwake bila ruhusa, unaweza kuripotiwa kama mtoro. Machi 2021 Saudi ililegeza masharti kwa wafanyakazi wengi wa kampuni, wakaruhusiwa kubadilisha kazi na kutoka nchini bila kuomba bosi. Wafanyakazi wa nyumbani wakaachwa nje. Ni nani hao? Ni dada zetu.

Soma tena ile sehemu ya kipande, kisha usome hii. Bosi lazima akuachilie. Ukiondoka wewe ni mtoro. Polisi anakurudisha. Tofauti ni kwamba kipande kilikaa shingoni mwako, na pasipoti inakaa kwenye droo ya bosi.

Kuzuia pasipoti ya mfanyakazi kumekatazwa hata kule Saudi. Na ukifungua pasipoti ya Kenya, imeandikwa kwamba ni mali ya Serikali ya Kenya. Si ya ejenti, si ya bosi. Lakini sheria haijui droo iko chumba gani.

Kenya ilisimamisha upelekaji wa wafanyakazi wa nyumbani mwaka 2014, ikafungua tena 2017. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje ikawaambia wabunge kwamba Wakenya wasiopungua 89 walikuwa wamekufa Saudi ndani ya miaka michache, na wengi waliandikiwa kwamba moyo ulisimama. Vijana wa kike, wazima, waliopimwa afya kabla ya kupanda ndege.

Kwetu nyumbani tuna hadithi yetu. Auntie yetu, mdogo wake mathe, alienda 2013 na kurudi 2016. Pasipoti ilichukuliwa siku ya kwanza. Alipougua akaomba kurudi, akaambiwa arudishe kwanza pesa zilizomleta. Ilichukua miezi saba, na mwishowe alipita kwa kituo cha kurudisha watu makwao. Tulienda kumpokea usiku. Alitoka na patipati, dera na mkoba wa bega. Mathe alibeba ule mkoba kwa kidole kimoja.

Nilipokuwa natengeneza ile video ya kilo saba, nilikuwa najisifu kwa kitu ambacho auntie alikifanya bila kupenda.

Kwa hivyo upange nini

Siwezi kumwambia siz asiende. Nilijaribu. Aliniangalia akaniambia, "Hiyo historia yako itamlipia mtoto karo?" Mimi ndiye niliyeacha chuo na kamera ya kukopa, kwa hivyo sikuwa na jibu. Lakini tulikaa chini Jumatano tukapanga begi upya, na hii mara hatukuanza na nguo.

Tulianza na karatasi. Pasipoti, viza, mkataba, tiketi, kila ukurasa umepigwa picha. Nakala moja kwenye barua pepe yake, moja kwangu, moja ya karatasi kwa mathe chini ya godoro. Mkataba tumeusoma neno kwa neno, na pale ambapo hatukuelewa Kiarabu tukamtafuta mtu wa kutusomea pale Eastleigh. Jina la ejenti tumelitafuta kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Kama jina la ejenti wako halimo, usimwachie hata nakala.

Halafu namba. Yangu, ya mathe, na ya ubalozi wa Kenya ulioko Riyadh. Siz amezikariri kichwani, kwa sababu simu pia huchukuliwa. Tumekubaliana na neno moja. Akilitumia kwenye ujumbe, hata kama kila kitu kingine kinasema "niko sawa", najua si sawa. Na Jumapili zote mbili za kwanza nikikosa kumsikia, naanza kupiga simu. Hiyo ndiyo 1959: mtu nyuma anayeuliza.

Kisha vitu vya wengine. Usibebe mzigo wa mtu. Hata kama ni jirani, hata kama ni kifuko cha majani chai cha kupelekea binamu. Na usidhani kilicho halali hapa ni halali kule. Miraa inayouzwa wazi hapa Nairobi, Uingereza iliipiga marufuku 2014. Dawa za hospitali zibaki kwenye pakiti yake, na karatasi ya daktari.

Nguo zilikuja mwisho. Zilitosha kwenye begi dogo, na nafasi ikabaki. Siz akaweka fulana ya mtoto, ile ya mistari ambayo imeshamkaza.

Na pasipoti? Alienda kwa ejenti jana. Nilimsindikiza. Akaambiwa tena aiache pale ofisini. Akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Nitakuja nayo uwanjani mwenyewe." Yule jamaa akasema hiyo si kawaida yao. Siz akasema, "Basi leo ni kawaida yangu." Jamaa akakunja uso, akaendelea na mtu mwingine.

Najua hiyo ni ofisi ya Nairobi, na kule ni nyumba ya mtu, mlango umefungwa, hakuna mimi pembeni. Labda siku ya kwanza bosi ataunyoosha mkono na siz ataweka pasipoti hapo, kwa sababu atafanya nini? Sitamlaumu. Kosa halitakuwa lake.

Lakini wewe unayesoma hii na dada, cuzo ama rafiki anapanga begi, usimtumie video yangu. Mwulize nani anashika karatasi yake, na nani atauliza akinyamaza. Mkimaliza hayo, njooni niwaonyeshe ile ya soksi.